Kifuko Cheupe Kwenye Mpera

(Ukurasa huu nimeutoa kwenye daftari langu la wakati wa vita, Kamina. Hapa kwenye blogu nimerekebisha makosa ya kuandika tu. Mengine yote nimeyaacha kama yalivyokuwa, hata Kiswahili cha kwetu: minyi ni mimi, weye ni wewe, njo ni ndiyo, hamuna ni hakuna.)

Alhamisi, mwezi wa kumi, 1998

Leo mvua imenyesha saa saba mchana, dakika arobaini, kisha jua likarudi kama halikuwa limeondoka. Bati bado linadondosha. Ninaandika barazani, daftari juu ya magoti, na mwandiko wangu ni mbaya kwa sababu nina hasira. Nimezoea kuwa na hasira na watu. Leo ni hasira na mimi mwenyewe, na sijui niishike wapi.

Nianze na hesabu, maana hesabu ndiyo iliyonilea.

Siku tisa zilizopita Yaya alinivuta mkono akanipeleka nyuma ya nyumba. Yaya ni dada yangu mkubwa. Tangu mke wangu afariki, yeye ndiye anayeshika mambo ya wanawake katika parsele yangu, yaani kiwanja na nyumba yake. Nyuma ya nyumba kuna mpera, na tawi moja la mpera linafika karibu na dirisha la Mboyo, mke wa mwanangu Ilunga. Kwenye ncha ya tawi lile palikuwa na kifuko kinaning'inia. Cheupe, laini, kimevimba chini kama avoka changa. Urefu sentimita kumi na nne, upana nane, mita mbili na sentimita kumi kutoka ardhini. Nilipima, kwa sababu sijui kutazama kitu bila kukipima.

"Ona, Klasere," alisema Yaya. "Ona kintu banatufungia mu nyumba yetu."

Klasere ni jina la kazi. Miaka thelathini na moja nilikuwa kwenye depo ya pamba. Nilianza nikibeba magunia, bila cheti, na namba nilijifunza kwenye maandishi ya magunia hayohayo. Nilimaliza nikiwa mpanga madaraja. Mkulima akileta pamba, mimi ndiye niliyechukua kitita kidogo, nikakivuta katikati ya vidole gumba, nikapima urefu wa nyuzi, nikasema: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikishasema, hakuna wa kubisha. Kisha depo ikafungwa. Hakuna aliyeniandikia barua, hata mistari miwili. Waliondoa mizani, wakaondoa milango, na mimi nikaondoka na rula ya chuma mfukoni.

Tangu siku ile hakuna mtu aliyeniuliza jambo lolote kwa ajili ya ujuzi wangu. Ninaliandika hili kwa sababu ndilo lililoniponza.

Kifuko kilikuwa na mdomo ubavuni. Nilitia kidole. Kiliingia sentimita mbili kikagota. Nilikizungusha: ukuta pande zote, umebanwa mgumu kama blanketi kuukuu. Njia ya kwenda ndani hakuna. Sasa, viota navijua. Mnana anafuma majani, na mlango wake uko wazi. Chozi anatundika takataka zake, na mlango uko ubavuni, unauona. Mbayuwayu anajenga kwa udongo, na mlango upo. Katika miaka yangu hamsini na minane sijaona ndege anayejenga nyumba asiyoweza kuiingia.

Kiota kisicho na mlango si kiota. Kwa hiyo kimetengenezwa na mkono wa mtu.

Hesabu ilikuwa fupi hivyo.

"Bwanga," alisema Yaya. Dawa ya kumfunga mtu. "Iko na kinywa, haina tumbo. Njo vile bwanga iko."

Sisi ni watu wa misheni. Baba yetu aliimba sauti ya nne kwenye kwaya ya Wamethodisti mpaka meno yakamwisha. Lakini daftari ni langu, nitaandika ukweli: nilirudi nyuma hatua moja, nikafuta kidole kwenye suruali.

Ilunga ni shofa, dereva wa lori. Mwezi wa nane, vita vilipoanza tena, askari walichukua lori pamoja na shofa wake. Walisema siku tano. Leo tuko wiki ya kumi na moja. Avion zinapanda na kushuka kule Base, kambi ya ndege za jeshi, treni za kaskazini haziji, na wanaofika kwa miguu kutoka upande ule hawajui habari za lori wala za shofa. Nimeuliza watu arobaini na sita. Nimewaandika.

Na Mboyo? Alizaliwa Base, mtoto wa adjida, askari wa cheo, kutoka Ekwateri, jimbo la rais wa zamani. Mwaka jana serikali ilipobadilika, baba yake aliondoka na wenzake, na mpaka leo ni kimya. Mboyo alibaki na masufuria mawili na mto wa kulalia ulioachwa na mama yake. Ilunga akamleta kwetu. Hajui Kiluba. Samaki anawapika kwa namna ya kwao, na ni watamu, ingawa Yaya huwala akikunja uso. Ana mimba ya miezi mitano.

Yaya hakuwahi kumpenda. Mimi sikuwahi kuuliza kwa nini.

Basi siku ile, chini ya mpera, Yaya aliniuliza swali ambalo nilikuwa nikilisubiri tangu depo ifungwe.

"Weye njo unajua pamba. Hii inatoka wapi?"

Nilichomoa kitita, nikakivuta. Haikuwa pamba. Nyuzi zilikuwa fupi, sentimita moja na nusu, zinang'aa, zinateleza, hazishikani. Ulikuwa usufi. Na katika kartie yetu, mtaa mzima, hakuna msufi hata mmoja. Yaya akaingia chumbani kwa Mboyo, ambaye alikuwa ameenda kuteka maji, akatoka na ule mto. Mshono wa pembeni ulikuwa umefumuka. Nilichomoa kitita cha pili, nikavilaza vyote juu ya kitambaa cheusi, kimoja kando ya kingine, kama tulivyofanya depo. Urefu uleule, mng'ao uleule.

"Umetoka mu huu muto," nilisema.

"Hamuna mashaka?"

"Hamuna."

Niliisema kwa sauti ya depo. Na nilifurahi. Hilo ndilo ungamo langu la leo, na ninaliacha hapa ili siku yoyote nikisoma tena, nisijidanganye kwamba nilihuzunika. Nilifurahi, kwa sababu mtu alikuwa ananingojea mimi niseme.

Jumapili, baada ya ibada, wanawake wanne wa ukoo, Yaya akiwa wa kwanza, walikaa sebuleni na Mboyo. Mimi nilikuwa chumbani kwangu, upande wa pili wa ukuta. Kwetu baba mkwe na mkaza mwana wanaheshimiana kwa umbali. Sili naye, siingii chumbani mwake, sisimami karibu na dirisha lake. Nikiwa na neno zito la kumwambia, linapita kwa mwanamke, na mwanamke huyo ni Yaya. Lakini ukuta wangu ni tofali moja, na masikio yangu bado mazima.

"Bwana yako iko wapi?"

"Sijue, Mama. Sisi bote hatujue."

"Weye unajua! Njo weye ulimufunga."

"Nimufunge juu ya nini? Niko na mimba yake."

"Miezi ngapi? Tuhesabu vizuri," alisema mwingine, na wakacheka.

"Mama, ile iko nyumba ya kandege. Asubui kanaingia, kanatoka. Minyi nakaonaka."

"Kanapitia wapi? Klasere alitia kidole, mulango hamuna!"

"Sijue kanapitia wapi. Kanapita."

"Na usufi ya muto wako? Kandege kalikuya ku dirisha kakapiga odi?"

Walicheka tena, na mmoja alicheka mpaka akakohoa. Kutoka kitandani kwangu hadi sebuleni ni hatua kumi na mbili. Ningeweza kuzipiga, nikasema: ngojeni, twende tukaangalie. Sikuzipiga. Nilijiambia ni desturi. Lakini nikiivuta hiyo desturi katikati ya vidole gumba, sioni nyuzi ndefu. Sikutaka kusikia kwamba Klasere amekosea.

Wakaamua: Jumamosi Mboyo arudishwe Base kwa lori la mizigo. Siku hiyohiyo mtu wa maombi aje kukichoma kifuko. Kabla ya hapo mtu asikiguse.

Mboyo hana mtu kule Base. Nyumba ya baba yake sasa wanakaa askari wengine, na mtu wa Ekwateri siku hizi anaulizwa maswali kwa lafudhi yake tu. Mwanamke peke yake, na lafudhi ile, na tumbo lile. Nililijua hilo vizuri sana.

Nililijua, na nikala chakula alichonipikia.

Jana Jumatano, Mboyo akiwa ameenda kuteka maji na Yaya akiwa jikoni, nilipita nyuma ya nyumba na rula. Sijui nilitafuta nini. Nilipima kile kifuko kama mwizi, shingo imegeuka. Sentimita kumi na sita. Nikapima mara tatu. Kumi na sita, kumi na sita, kumi na sita.

Kosa langu kwenye rula halifiki milimita moja. Na bwanga hairefuki. Mtu angetaka kuirefusha lazima asimame pale chini ya tawi, na ule mti Yaya ameulinda siku nane karibu bila kuondoa macho.

Namba mbili hazikubaliani. Kwenye depo, namba mbili zikikataana hulali.

Leo alfajiri nilikwenda kwa jirani. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi, na ua wake wa matete unapakana na wangu. Kutoka kwake hadi kwenye lile tawi ni mita tisa, na dirisha la Mboyo halionekani, majani yanalifunika. Alinikuta nimekaa kwenye kiti chake bila kuomba, uso kwenye matundu ya ua.

"Klasere! Unachungulia parsele yako mwenyewe? Banakufukuza?"

"Nyamaza, Mwalimu. Niko nahesabu."

"Unahesabu nini?"

"Sijue bado."

"Hii vita itatuonyesha mambo," alisema, akaenda kuleta kiti cha pili, akakaa kando yangu.

Saa kumi na mbili na robo alikuja. Ndege mdogo, hazidi sana kidole gumba changu, mgongo rangi ya majivu, tumbo la njano iliyopauka. Alitua kwenye ukingo wa ule mdomo niliotia kidole. Hakuingia. Aliukanyaga kama ngazi. Akanyanyua mguu mmoja, akashika ukuta juu ya mdomo, mahali ambapo mimi niliona ukuta mtupu, akavuta.

Ukuta ukafunguka.

Akaingia. Alipotoka, aligeuka akazibana zile nyuzi kwa kichwa, zikashikana, na mlango ukapotea. Ungeweka macho ya watu kumi pale usingeuona. Kumbe mdomo ule wa chini ni wa nyoka na wezi. Anayekuja kwa ubaya anatia kichwa, anagota, anaona hakuna kitu, anaondoka. Mlango wa kweli uko juu yake, umefungwa.

Mwalimu alicheka kimya mpaka kiti kikatetemeka.

"Kandege kako na akili, Klasere. Kanaweka mulango ya bule kwa bale banakuja kupima."

Nilihesabu mpaka saa mbili. Ndege wawili, safari ishirini na tatu. Safari nne kati ya hizo walikuwa na kitu cheupe mdomoni. Nikafuata kwa macho walikokitoa. Mto wa Mboyo, Yaya hakuuruhusu kurudi ndani. Ameuacha chini ya paa la jiko uwe ushahidi, mshono wake wazi. Ndege anashuka juu ya ushahidi, anachomoa usufi, anarudi kujenga. Mto ulipokuwa chumbani, lazima alikuwa akipitia dirishani.

Kwa hiyo nyuzi nilizijua sawasawa. Usufi ni wa mto ule, hamuna mashaka. Daraja lilikuwa sahihi. Hukumu ndiyo ilikuwa taka, na hukumu hakuna mtu aliyenifundisha kuitoa. Niliichukua mwenyewe kwa sababu ilikuwa imelala karibu.

Jina la ndege silijui. Mwalimu naye hajui. Anasema wazee wa upande wa Kabongo huenda wanalo, lakini barabara ile sasa si ya kwenda kuuliza majina ya ndege. Nimeandika vipimo vyake na rangi zake nyuma ya daftari hili. Inatosha kujua kwamba kifuko ni nyumba, na nyumba ina watu wake.

Nilirudi nikamwambia Yaya kila kitu, na namba zake. Alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, hakuinua macho.

"Ulisema hamuna mashaka."

"Nilikosa, Yaya."

"Weye, Klasere, unakosa? Basi ulikosa siku mubaya. Maneno imesha kutoka. Kanisa yote inajua."

"Mupelekee Mboyo neno langu. Sema nimeona."

"Minyi sipeleke. Ukisema ni kandege, sasa Ilunga iko wapi? Nijibu. Iko wapi?"

Akaendelea kuchambua majani ambayo yalikuwa yameshachambuliwa. Yaya ndiye aliyembeba Ilunga mgongoni mke wangu alipokuwa mgonjwa. Nilisimama pale na karatasi yangu ya namba, na kwa mara ya kwanza nikamwelewa. Bwanga inachomwa moto. Mtu aliyeifunga anafukuzwa, na mtoto anarudi. Ukimwondolea bwanga yake, unamwachia vita, na vita hakuna anayejua vinachomwa namna gani.

Nilimwelewa. Hata hivyo Jumamosi ni keshokutwa.

Neno langu halikuwa na mbebaji. Nikalibeba mwenyewe. Mboyo alikuwa nyuma ya nyumba, anakunja nguo ndani ya beseni. Nilisimama kwenye kona, nikamgeuzia mgongo, uso kwenye tofali, ili angalau nusu ya heshima ibaki.

"Mama," nilisema. Ndivyo ninavyomwita, kama ninavyowaita wakubwa. "Minyi njo nilisema usufi ni yako. Iko yako kweli. Lakini kandege njo kalibeba. Nimekaona leo, kanafungua mulango na muguu. Nilikosa."

Nikasikia nguo inakunjwa. Nyingine. Ya tatu.

"Papa," alisema, "minyi bananisema mbele ya bamama bane. Weye unanisemea ku ukuta."



"Na lori iko siku ya posho," aliongeza, yaani Jumamosi. "Nimesha kufunga bintu."

Niliondoka bila kugeuka. Nilikaa hapa barazani mvua ikanyesha yote, dakika arobaini, na maneno yake nikayapima kila upande. Sikupata mahali pa kuyapunguza. Shtaka lilitolewa mbele ya wanne, na msamaha wangu nimeutoa mbele ya tofali. Hata mtoto wa darasa la pili ataona kwamba pande mbili hazilingani.

Mvua ilipoisha nilikwenda mwenyewe kwa wale wanawake watatu, nyumba kwa nyumba, matope mpaka kwenye kifundo cha mguu. Nimewaambia waje kesho saa kumi na mbili asubuhi kwenye ua wa Mwalimu, waone kwa macho yao, kisha nitasema mbele yao ni nani aliyekosea. Mmoja amekubali kwa sababu anataka kucheka. Wa pili amekubali kwa sababu wa kwanza amekubali. Wa tatu, yule aliyehesabu miezi ya mimba, aliniangalia muda mrefu akasema, "Nitakuya, Klasere," na akafunga mlango polepole.

Yaya amesema hakanyagi kule.

Mwalimu ana viti viwili na benchi la watu watatu. Nimehamisha vyote sasa hivi, kabla sijashika kalamu hii. Mimi nitasimama. Benchi ni la wale watatu. Kiti cha Yaya nimekiweka mbele, mahali ambapo tundu la ua ni kubwa na tawi linaonekana bila kuinama. Akija, akae. Asipokuja, kitakaa wazi na watu watakiona.

Kiti kingine ni cha Mboyo. Kwa huyo sikumtuma mtu. Nimerudi kule nyuma ya nyumba, nimesimama hatua nne kutoka kwake, na mara hii sikugeuka. Nimemwambia saa na mahali. Nimemwomba akae mbele, karibu na Yaya, anisikie.

Ameniangalia usoni. Tangu aingie kwangu, mwaka mmoja na miezi miwili, sikuwa najua ana macho ya namna gani. Yamechoka. Kisha ameyashusha. Beseni lilikuwa miguuni pake, limefunikwa kwa kitambaa cha safari, kimefungwa mafundo manne.

Je, kesho saa mbili mafundo hayo yatakuwa mangapi?

Hii ndiyo hesabu pekee iliyobaki, na si mimi wa kuifanya.